Chuma cha Vitumbua na Chubwi Saba

Jumapili, 24 Septemba 1972

Chubwi sita za mshipi zimepotea! Sita, kwa asubuhi moja. Mto Thames unakula risasi kama mja mzito anavyokula udongo. Samaki: hakuna. Hata mkunga mwembamba wa kumrudisha majini hakuna.

Abdulwakil alipata wanne. Huyu Abdulwakil ni Mpemba, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Thamesmead, dereva wa basi, na mwenye majivuno kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika mshipi. Mimi si mtu wa majivuno. Unguja nilikuwa karani wa forodha. Hapa ni karani wa stoo kwenye depo ya mabasi hayo hayo anayoyaendesha yeye, na bila ya vipuri ninavyoviandika mimi basi lake lisingefika hata Woolwich. Nalitaja tu.

Aliniambia, mbele ya Waingereza wawili na mbwa wao, kwamba kosa si la mto, ni la mkono. Kwamba Waunguja tunajua kula samaki, kuvua tuwaachie Wapemba. Nikamwambia kosa ni la chubwi. Za dukani nyepesi, maji yanaziburuta mpaka kwenye mawe, mshipi unakatika. Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake.

Basi tumewekeana. Jumapili ya tarehe nane Oktoba, siku ya mwisho kabla ya Ramadhani inshallah, tunashindana. Atakayevua samaki mzito zaidi, mwenzake atambebea ndoo mwaka mzima. Tumepeana mikono. Mwaka mzima nyuma ya Abdulwakil na ndoo! Siwezi. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 26 Septemba

Nimegundua elimu! Kwa kinyozi kulikuwa na gazeti la uvuvi, limechanika nusu. Kumbe kuna watu wanasubu chubwi zao wenyewe nyumbani. Unayeyusha risasi, unaimimina kwenye kalibu, unangoja, unafungua, chubwi hiyo! Na zipo kalibu za shimo moja, na zipo za mashimo mengi. Mawili. Manne. Sita kwa mmimino mmoja! Nilisoma mpaka zamu yangu ikapita, akanyolewa mtu aliyekuja nyuma yangu.

Kutoka hapo mbio mpaka duka la vifaa vya uvuvi. Kalibu ya mashimo sita ipo, ndani ya kabati la kioo. Nikaomba kuishika. Nzito! Pande mbili, bawaba, mikono ya mbao, na juu yake kibati cha kukatia mikia ya risasi inayozidi. Nikaifungua, nikaifunga. Nikaifungua tena. Nikamwuliza mwenye duka hewa inatokea wapi. Nikamwuliza kwa nini shimo la kwanza lisijae kuliko la sita. Nikamwuliza kwa nini risasi isigandane na kalibu yenyewe, chuma kwa chuma. Mawili alijibu. La tatu alisema anafunga duka. Ilikuwa saa tisa mchana.

Kuinunua haiwezekani. Bei yake ni ya mtu asiye na mke. Alisema pia, wakati ananitoa mlangoni, kwamba mwanafunzi aanze na shimo moja. Kalibu ya mashimo mengi ina haraka zake na humshinda mtu. Wafanyabiashara! Wanataka ununue mara mbili.

Jumatano, 27 Septemba

Risasi ninayo. Kanipa Mohinder. Mohinder ni Singasinga wa Nakuru, ana gereji Plumstead, Kiswahili chake kimejaa grisi lakini moyo wake safi. Kanipa ndoo ya vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu za magari kusawazisha magurudumu, na mabomba mawili ya nyumba ya zamani. Nilipomweleza mradi akauliza kalibu iko wapi. Nikamwambia kalibu ni jambo dogo. Akasema risasi hapana mchezo, bwana Talib, ile kitu chafu sana, na ikikutana na maji kidogo tu itaruka mpaka macho. Hakuwa na wakati wa kunieleza zaidi. Shemegi zake wamefukuzwa Uganda, nyumba nzima ya Jinja, na yeye anatafuta magodoro.

Nimerudi nyumbani nawaza kalibu. Nimefungua kabati la chini ya sinki kutafuta sufuria kuukuu ya kuyeyushia. Na pale, nyuma kabisa, kimefungwa kwenye kanga: chuma cha vitumbua!

Nilikaa sakafuni. Mashimo saba. Saba! Ya dukani yana sita. Sita yamezunguka, moja katikati, yote laini, yote sawasawa. Chuma kizito cha kusubu, kimezoea moto miaka arubaini. Mwaka hadi mwaka nimekula vitumbua na sikuwahi kufahamu kwamba vinatoka kwenye kalibu. Elimu ilikuwa jikoni mwangu, imefungwa kanga.

Ni cha Sheikha, ni kweli. Mke wangu alitoka nacho Unguja mwaka sitini na nne. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Dhahabu yake aliiacha kwa jirani, chuma akakibeba. Niliwahi kumwuliza kwa nini, akasema dhahabu London ipo. Lakini sikiharibu. Nakiazima. Na Sheikha hakitumii mpaka Ramadhani.

Alhamisi, 28 Septemba

Sheikha yuko kiwandani, anashona mifuko ya makoti mpaka saa kumi. Mimi nimeomba ruhusa depo, nimesema jino. Madirisha wazi. Sufuria ya maziwa yenye mpini uliovunjika iko juu ya jiko, risasi ndani.

Ajabu ya risasi! Kwanza haifanyi lolote. Unaitazama, inakutazama. Halafu kipande kimoja kinalegea pembeni, kinateleza, mara vyote vinazama na kinabaki kioo. Nilijiona humo ndani, na pua kubwa kuliko niliyonayo. Juu yake huja utando wa kijivu. Ukiuondoa kwa kijiko, unakuja mwingine. Nimeuondoa mara kumi na moja kuona kama utakwisha. Haukwishi! Kwa nini? Nani wa kumwuliza? Mwenye duka hanitaki.

Mara ya kwanza kumimina, aibu. Chubwi zilitoka na makunyanzi kama uso wa aliyeonja ndimu. Chuma kilikuwa baridi. Mara ya pili, shimo la kwanza zuri, la pili zuri, la tatu likafurika, la nne nusu, na kufika la tano risasi ikawa imeganda mdomoni mwa sufuria. Yule mwenye duka alisema kweli kuhusu haraka. Sitamwambia.

Mara ya tatu naiandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilimimina saba zote. Halafu nikachukua kijiti cha Sheikha, nikaanza kuzigeuza! Upande wa pili uive! Mkono wenyewe ulikwenda. Hiyo ndiyo miaka ishirini ya kumtazama mke akipika. Kijiti kimeungua ncha, nimekitupa dirishani.

Ijumaa, 29 Septemba

Jino bado.

Nimeijua siri! Chuma kipate moto kwanza, peke yake, mpaka njiti ya kiberiti ikikigusa itoe moshi. Halafu unaanzia pembeni na kumalizia katikati, kwa sababu shimo la katikati ndilo lenye moto zaidi, linaweza kungoja. Mkono usisimame hata kidogo. Kabla haijaganda unatia kitanzi cha waya. Nimekata hanga mbili za makoti. Kisha unasubiri. Muda wake ni Kulhuwallahu mara tatu, bila ya kukimbiza. Bibi yangu alipimia mayai hivyo hivyo, saa hakuwa nayo.

Saba! Zimejaa, zinang'aa, juu bapa na chini duara. Ukigonga chuma ubavuni zinaanguka zenyewe. Kwa nini zinaanguka? Risasi na chuma haziungani kabisa, zimekaa pamoja kama mawifi. Nilirudia mara sita kwa raha tu ya kuziona zikianguka.

Mara ya mwisho zilianguka sita. Ya katikati ilikataa. Ndani ya shimo lile mna kovu dogo, na risasi imelishika. Nimegonga, nimebembeleza, nimevuta kitanzi mpaka kikatoka. Donge limebaki, limejaza shimo sawasawa. Nitaliyeyusha baadaye, Sheikha anarudi saa kumi.

Nilipanga chubwi dirishani. Abdulwakil akapita chini, akauliza kwa sauti kama nimeanza kushona makoti ya majitu, maana vifungo anaviona. Nikafunga dirisha. Mshindi hajibu.

Jumamosi, 30 Septemba

Mohinder alisema kweli kuhusu maji.

Sheikha alikwenda sokoni Woolwich. Mimi nikasema nipate chache zaidi, kwenye kopo tupu badala ya chuma safari hii, na nizipoze upesi kwa kitambaa chenye maji. Tone moja likaanguka ndani ya sufuria. Moja! Ukalia mlipuko, paa! na risasi yote ikaondoka kwenda juu. Nimesalimika kwa kuwa nilikuwa nimeinama kuokota kijiko. Alhamdulillahi. Dari la nyumba hii ya kaunsili sasa lina nyota za risasi. Nimezihesabu, kumi na nane. Pazia lina tundu.

Nilikaa chini ya meza kwa muda. Si kwa hofu, kwa kutafakari. Tone dogo kuliko chozi, limepata wapi nguvu ile? Bila shaka lilitaka kuwa mvuke na halikuwa na nafasi. Nilitamani kujaribu tena kwa makusudi, kwa fimbo ndefu, nikiwa nyuma ya mlango. Fimbo sikuipata.

Sheikha aliporudi akauliza harufu ile ni ya nini. Nikasema jirani anatengeneza bomba. Nyota hakuziona. Sheikha ni mfupi, na watu wafupi hawatazami juu.

Jumapili, 1 Oktoba

Siku mbaya.

Mardhiya alikuja kula mchana. Ni shemegi yangu, mdogo wake Sheikha, nesi wa wodi ya watoto. Wali wa nazi ulikuwa unaingia vizuri. Akaanza kutueleza habari za mtoto mmoja wodini, amekuwa akibandua rangi kwenye dirisha la zamani na kuila. Rangi ile ina risasi. Mtoto tumbo linamkata, hali chakula, maneno aliyokuwa akiyajua yanampotea. Risasi, anasema Mardhiya, haina harufu wala ladha, inaingia kimya kimya na kutoka haitaki, na inaowaumiza zaidi ni watoto.

Nikamwuliza, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: je, sufuria iliyoguswa na risasi, ukiiosha vizuri? Akasema ya kutupa. Hata ukiisugua kwa mchanga? Ya kutupa, shemegi.

Na hapo hapo Sheikha akatangaza jambo lake. Amemwahidi mke wa Mohinder. Jumamosi wageni wa Jinja wanafika, watu wazima watatu na watoto wanne. Wiki mbili wamekaa kambini wakila viazi vya kuchemsha, na mdogo wao kila asubuhi anauliza vitumbua, vile vya jirani yao wa kule. Sheikha atawapikia mia moja. Akasema yeye anajua kufika nchi ya watu ukakosa hata harufu ya kwenu. Akasema chuma anacho.

Chuma anacho! Chuma ninacho mimi, kwenye mfuko wangu wa kuvulia, na donge la risasi katikati yake. Nimeogopa kwelikweli, na si Sheikha tu ninayemwogopa. Watoto wanne. Niliacha wali wangu nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ndimu. Siki. Majivu. Mchanga wa kando ya mto. Nimesugua saa nzima chooni, mlango nimeufunga kwa ndani. Sheikha akauliza kama ni tumbo. Nikasema ndilo. Akaniletea maji ya tangawizi mpaka mlangoni. Mke mwema namna ile, na mimi nimekaa chooni nimepakata chuma cha mama yake.

Nikakipeleka gereji. Mohinder akakigeuzageuza, akasema hapana, bwana Talib, chuma ya kusubu iko na tundu kidogo kidogo, risasi nakaa ndani, pika hapana. Nikakaa juu ya tairi.

Na ni pale juu ya tairi lilipokuja wazo. Chuma hiki nacho kilisubiwa na mtu. Basi kinaweza kuzaa! Mohinder ana binamu, Gurmit, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusubu upande wa Charlton. Unakikandamiza kitu kwenye mchanga wao, unakiondoa, mchanga unabaki na umbo lake, unamimina alumini. Cha zamani mama, kipya mtoto! Nilimkumbatia Mohinder na grisi yake yote. Nikamwachia chuma pale pale. Kitakuwa tayari Ijumaa.

Kulikuwa na neno nilitaka kumpa amwambie Gurmit. Limenitoka. Halikuwa kubwa.

Jumatano, 4 Oktoba

Sheikha kafungua kabati. Kanga ipo, chuma hakipo.

Nilikuwa nakunywa chai. Ulimi ukatangulia akili, nikasema nimemwazima Abdulwakil, mkewe anataka kujaribu. Sheikha akanitazama. Akasema mke wa Abdulwakil yuko Mombasa tangu Julai. Nikasema basi anataka kujaribu mwenyewe. Akavaa koti akashuka kumwuliza.

Dakika tisa alikuwa huko. Nilizitumia kutafuta viatu vyangu. Akarudi, akavua koti, akasema kweli kiko kwa Abdulwakil, atakirudisha Ijumaa. Nikadhani nimepotewa na masikio.

Baada ya magharibi Abdulwakil akagonga, akaniita kwenye ngazi. Uso wake kama wa mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Akasema hajui chuma kiko wapi wala hataki kujua. Ila kwa kuwa ameniokoa, Jumapili nitavua bila ya chubwi hata moja, au atapanda juu kusema ukweli. Bila ya chubwi! Mshipi utaelea juu ya maji kama unyoya. Nikakubali. Tena nikamshukuru! Kwa mdomo wangu huu nilimshukuru Mpemba yule.

Ijumaa, 6 Oktoba

Chuma kipya kimefika! Kinang'aa. Chepesi. Umbo lote la cha zamani limetoka: mkono, ukingo, hata ufa mdogo wa ukingoni, alioufanya mama mkwe mwaka gani sijui, nao umetoka. Mchanga umekumbuka kila kitu. Nikapitisha kidole kwenye mashimo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Nikarudia. Sita. Katikati pamejaa, tambarare.

Lile neno! Donge! Nilisahau kumwambia Gurmit alitoe donge! Naye hajawahi kuona chuma cha vitumbua maisha yake, amedhani katikati ndivyo kilivyo. Mohinder alicheka mpaka akashika kilemba chake kisidondoke. Akasema sita mzuri, bwana, ile ya duka pia iko sita.

Hakuna wakati wa kufanya kingine. Nimekipaka mafuta na chumvi, nimekichoma mara tatu kwenye jiko la Mohinder mpaka kikasawijika kidogo. Cha zamani nimekificha nyuma ya matairi. Kipya nimekipeleka kwa Abdulwakil, naye akakileta kwetu kwa heshima zote, akamshukuru Sheikha kwa kumwazima, akanikonyeza. Sheikha akakipokea kikiwa ndani ya kitambaa, akakifunga kanga bila ya kukifungua. Naona yamepita. Nani anahesabu mashimo ya chuma chake mwenyewe?

Jumamosi, 7 Oktoba

Nyumba ya Mohinder iko juu ya gereji. Watoto wa Jinja walikuwa wamekaa juu ya godoro, wamepangana, makoti ya kupewa yamewazidi mikono. Hawakuwa wakicheza. Mdogo wao macho yake hayakutoka kwenye beseni la Sheikha: mchele wa kusaga, tui la kopo, iliki, hamira, umeumuka tangu asubuhi.

Sheikha akafungua kanga.

Akakipima mkononi. Akapitisha kidole gumba katikati, pale pasipo na shimo. Akanitazama, nikajua kwamba anajua, na kwamba anajua tangu zamani. Akasema mbele ya wanawake wote, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu siku ya ndoa, kwamba leo vitumbua atapika Talib. Akasema nyota za dari lake amezihesabu, kumi na nane, na kijiti chake amekiokota chini ya dirisha. Mwanamume anayeweza kumimina mpaka juu ya dari, chini hatashindwa. Mke wa Mohinder akapiga kigelegele.

Basi nikamimina. Na naiandika kwa sababu ni kweli: nilimimina vizuri! Chuma kipate moto kwanza. Unazunguka pembeni. Mkono usisimame. Nilipofika kungoja, mdomo wangu wenyewe ukaanza Kulhuwallahu. Kwa unga mara moja inatosha, usiikimbize. Halafu nikageuza kwa kijiti, na safari hii ndivyo inavyotakiwa. Sita, na sita, na sita, mpaka tisini na sita. Mdogo yule alikula saba. Hakusema Kiingereza wala Kipunjabi. Alisema, ongeza. Bibi yake akageukia ukutani akajifuta macho kwa mtandio.

Nilijivuna kwa dakika kumi. Sheikha akaniita chini gereji, akaniuliza cha mama kiko wapi.

Nikakitoa nyuma ya matairi. Nikamwambia yote, mpaka aliyoyasema Mardhiya. Hakupiga kelele, ningefurahi angepiga. Alikipakata kwenye koti lake jema. Akasema kila alipokimwagia unga alikuwa akimsikia mama yake akimwambia apunguze moto. Kila mara, hata hapa London. Akasema cha Gurmit kizuri, lakini hakina mtu ndani. Akalia. Nami nikalia. Haki sikuwa nayo, lakini nililia. Niliweka mkono juu ya chuma kile nikaapa kwamba sitagusa tena kitu cha jikoni mwake maisha yangu yote.

Akaniambia kwanza nikaoshe mkono.

Jumapili, 8 Oktoba

Siri imekwisha, basi na sharti la Abdulwakil limekwisha. Nilimwambia hivyo asubuhi kando ya mto, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa mtamu kuutazama. Akasema nifunge chubwi zangu tuone.

Nikafunga. Nikarusha. Ajabu! Maji hayaziburuti hata kidogo! Chubwi imekaa pale pale ilipoanguka. Abdulwakil mwenyewe aliacha mshipi wake akaja kutazama. Nikavuta, imekaa. Nikavuta kwa mikono miwili na mguu mmoja ukutani, imekaa. Ule upande bapa umelala juu ya tope na tope limeunyonya. Mshipi ukakatika. Ya pili vilevile. Ya tatu nilikataa kushindwa, fimbo ya kuvulia ikavunjika katikati. Nikaendelea na kipande. Kufika adhuhuri chubwi zote nilizobeba zilikuwa chini ya mto na samaki sina.

Abdulwakil alivua mkunga wa ratili tatu. Nimembebea ndoo mpaka mlangoni kwake. Njiani alisimama mara nne kusalimiana na watu asiowajua.

Lakini tope linanyonya kwa nini? Na mbona halinyonyi mawe? Nimeliwaza njia nzima. Kosa ni ubapa. Chubwi ikiwa na pembe, hewa, yaani maji, yatapita chini yake.

Jumatatu, 9 Oktoba. Ramadhani mosi

Nimefunga. Naandika nikingoja magharibi.

Sheikha amekitundika chuma cha mama yake ukutani juu ya jiko, donge la risasi katikati limemkodolea macho kila anayeingia. Amesema kitakaa pale ili nikione kila siku nitakayoishi. Leo asubuhi aliniita kwa jina langu mara mbili, nadhani ni dalili njema. Sasa hivi anapika futari kwa cha mashimo sita. Amesema mkono wake bado unakwenda katikati, unamimina pasipo shimo, na unga unamwagika. Alisema hivyo bila ya kunitazama. Moyo umeniuma.

Nimejifunza. Naandika kwa wino. Kamwe, kamwe tena, chuma cha vitumbua si kalibu. Ni duara mno. Chubwi inataka pembe, iwe ndefu kidogo, isilale bapa.

Nimefungua friji kuangalia maji ya kufuturia kama yamepoa. Kuna trei ya barafu mle. Ya alumini. Vyumba kumi na viwili! Vya pembe, virefu kidogo. Na juu ina mkono, ukiuinua tu vipande vyote vinaachia kwa pamoja, hakuna kugonga wala kubembeleza. Kumi na viwili! Nani aliyeitengeneza na alikuwa akifikiria nini, kama si uvuvi?

Kiapo nakikumbuka. Niliapa kitu cha jikoni. Friji yetu, kwa kukosa nafasi, iko ukumbini.

Ni ya Sheikha, ni kweli. Lakini siiharibu. Naiazima. Na Sheikha haitumii mpaka kiangazi.